Chupa moja tu ya wiski ya kubeba nyumbani: Raasay, Torabhaig, Ardnamurchan au Nc'nean?

Desemba iliyopita nilimpelekea mjomba wangu wa Moshi chupa ya wiski kutoka huku Uskoti ninakoishi, akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza geuza, akaiinua kwenye mwanga, akasoma mbele akasoma nyuma, alafu akaniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, mbona haina namba?" Mjomba amezoea chupa iliyoandikwa 12 au 15 pale mbele kwa herufi kubwa, sasa hii ilikuwa na jina la kisiwa ambacho hajawahi kukisikia maishani, na kioo chake kimechorwa michoro ya mawe. Nikaona kabisa usoni kwake anawaza huyu kijana kabana hela. Kumbe nilikuwa nimeilipia zaidi ya ile ya miaka 12 anayoijua yeye!

Kwahiyo mwaka huu nimekaa chini nimefanya hesabu mapema, na kwa vile watu kibao wananiuliza wabebe ipi wakija likizo naandika kabisa niepuke kurudia rudia. Tatizo kubwa ni kwamba huwezi kubeba mbili ukasema utaona ukifika, maana sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakuruhusu lita moja tu ya kinywaji kikali bila ushuru na chupa ya huku ni mililita 700, ukibeba mbili tayari ni lita 1.4, umeshaanza maongezi na jamaa wa uwanja wa ndege. Unachagua moja.

Alafu kwanini viwanda vipya na sio vile vya siku zote? Kwasababu vya siku zote viko mpaka kwenye rafu za Dar na Nairobi, unabebaje kitu masaa yote hayo alafu unakikuta Masaki. Hivi vipya vingi ni vidogo, mzigo wao hausambai sana, na kiukweli ndiko wiski ya Uskoti ilikochangamka miaka hii. Kuanzia kama 2013 walivyofungua Wolfburn kule Thurso kaskazini kabisa, vimefuatana kama mabasi ya mkoani alfajiri: Ardnamurchan 2014, Harris 2015, alafu 2017 peke yake ikatoa Torabhaig, Raasay, Nc'nean na Lindores Abbey, na bado havijaisha kufunguliwa. Ukijumlisha na vya zamani nchi nzima sasa ina viwanda zaidi ya 150.

Suala la namba sasa. Sheria ya wiski ya Uskoti inasema kinywaji hakiitwi wiski mpaka kikae miaka 3 kamili kwenye pipa la mwaloni ndani ya Uskoti kwenyewe, na ukiandika umri kwenye chupa lazima uwe umri wa tone changa kuliko yote humo ndani. Sasa kiwanda kilichowasha moto 2017, mwaka 2021 kingeandika nini, "miaka 3"? Nani atanunua. Ndio maana wengi wakaacha namba wakaweka jina zuri. Kutokuwa na namba sio ujanja wala sio dalili ya kitu kibaya, ni kalenda tu haijafika.

Kwa watu wa uchagani hii nyingine ni rahisi kuelewa. Mbege inataka kimea cha ulezi, hawa nao wanataka kimea cha shayiri, nafaka inalowekwa, inachipua, inakaushwa, inasagwa. Tofauti ni kwamba wenyewe wakishachachua wanaivukiza kwenye mitungi mikubwa ya shaba mara mbili. Singo malti maana yake ni kimea cha shayiri tupu, maji na hamira, mitungi ya shaba, kiwanda kimoja, basi. Kwenye kukausha kimea ndipo moshi unapoingia, kama wakichoma piti, ule udongo mweusi wa kwenye vinamasi unaokatwa kama tofali na kuanikwa ukauke. Wasipochoma piti hakuna moshi, na hapa ndipo watu wengi wanakosea zawadi, unampa mtu chupa ya moshi mzito wakati yeye anapenda tamu tamu, anaionja mara moja inakaa kabatini mpaka mtoto anaoa.

Nimelinganisha nne ambazo nimezinywa mpaka chupa ikaisha, sio za kuonjeshwa kijiko kwenye maonyesho. Ziko mbili mbili kijirani, tuanze na za upande wa Skye.

Torabhaig na Raasay

Hizi zote zilianza 2017 na unaweza kuzitembelea zote kwenye safari moja. Torabhaig iko kusini mwa kisiwa cha Skye, rasi ya Sleat, ndani ya majengo ya shamba la zamani sana yaliyokuwa magofu. Wazo lilikuwa la Sir Iain Noble, mzee mwenye ardhi pale aliyekuwa anapigania sana lugha ya Kigaeli, akapata kibali cha kujenga lakini akafariki 2010 bila kuona tone, kampuni ya Mossburn ndio ikaja kumalizia. Kabla yao Skye ilikuwa na kiwanda cha Talisker peke yake tangu 1830, fikiria kisiwa kizima mwenye duka mmoja miaka karibu 190.

Raasay wenyewe ni kisiwa kidogo ubavuni mwa Skye, watu wasiofika 200, unavuka na feri kutoka Sconser kama dakika 25. Hapo hapakuwahi kuwa na kiwanda halali. Neno "halali" lina uzito wake maana visiwa vyote hivi vilikuwa vinapika kwa kujificha kama gongo zetu, mkaguzi akija mtungi unazikwa. Siku hizi wanapika, wanalaza mapipa na wanajaza chupa palepale kisiwani, na jengo lenyewe lilikuwa hoteli ya zamani, mpaka leo unaweza kulala.

Kwenye glasi hawafanani hata kidogo. Torabhaig wamechagua moshi na hawaombi radhi, kimea chao kinafukizwa mpaka zaidi ya ppm 50, yaani sehemu 50 za kemikali za moshi kwenye milioni, lakini usitishike na hiyo namba maana ni kipimo cha kimea na sio cha kilichomo kwenye glasi, sehemu kubwa inapotelea njiani. Kinachobaki ni kama jiko la mkaa limemwagikiwa maji ya bahari, chumvi, ndimu, samaki wa kukaushwa kwa mbali, alafu mwishoni utamu fulani mdogo hivi ambao hukuutegemea. Nikaipenda kuliko nilivyodhani. Ile Allt Gleann yao iko asilimia 46.

Raasay wamefanya kitu cha kifundi zaidi. Wanapika aina mbili, yenye moshi na isiyo na moshi, kila moja wanaigawa kwenye mapipa ya aina tatu: yaliyowahi kukaa wiski ya Marekani ya nafaka ya rai, mapya ya mwaloni unaoitwa chinkapini, na yaliyowahi kukaa divai nyekundu ya Bordeaux. Mbili mara tatu, mapishi sita, alafu wanachanganya kwenye chupa moja ya asilimia 46.4. Inatoka na matunda meusi, mimi naisikia forsadi na zambarau, na moshi uko nyuma kabisa kama mtu anapika kwa jirani. Hii ndio niliyompelekea mjomba. Na baada ya lile swali lake aliinywa ndani ya siku nne, sina la kuongeza.

Ukiniuliza mimi kati ya hizo mbili, Torabhaig ni ya mtu ambaye tayari anajua anapenda moshi, anayetaja Laphroaig au Talisker bila kuulizwa. Kwa mtu usiyemjua vizuri Raasay inakulinda zaidi, japo wanywaji wazoefu kuna wanaosema divai imezidi kidogo kwenye baadhi ya mizigo na siwapingi, niliwahi kupata chupa moja iliyokaa kijuisi juisi.

Kuhusu kwenda: treni ya Glasgow mpaka Mallaig ni zaidi ya masaa matano ila dirishani ni sinema ya bure, alafu feri mpaka Armadale na Torabhaig iko karibu hapo. Raasay unahitaji gari na unahitaji upepo ukubaliane na wewe, mimi nilishakaa Sconser nikila chipsi naangalia kisiwa kile pale, feri haiondoki, mawimbi.

Ardnamurchan na Nc'nean

Hawa ni majirani wa ng'ambo ya maji, ila kwa barabara unazunguka ghuba nzima, na barabara zenyewe ni njia moja yenye vituo vya kupishana, ukikutana na lori la magogo mnaangaliana nani arudi nyuma.

Ardnamurchan ni rasi iliyochomoza magharibi kuliko pote kwenye bara la Uingereza. Waliojenga ni Adelphi, kampuni ambayo kazi yake ilikuwa kununua mapipa ya viwanda vya watu na kuyajaza kwenye chupa zenye jina lao, sasa mapipa mazuri yakawa adimu na ghali wakaamua wapike wenyewe. Walifungua 2014, wiski yao ya kwanza ikatoka 2020. Joto la kupikia linatoka kwenye vipande vya miti ya misitu ya hapohapo na umeme kwenye mto, kwahiyo mafuta hayana kazi kubwa pale.

Kilichonivuta kwao ni uwazi. Kwenye chupa kuna alama ya QR, unaiskani unaona mzigo huo ulikuwa na mapipa gani, ya sheri, ile divai kali ya Hispania, mangapi na ya wiski ya Marekani mangapi, yenye moshi kiasi gani, mpaka waliohusika. Wengine wanaandika hadithi ya babu na ukungu wa milimani alafu humo ndani hujui kuna nini, hawa wanakupa daftari. Na kwa kiwanda kichanga daftari ndio kitu pekee cha kushika, maana mara nyingi namba ya miaka hana na historia hana. Nusu moshi nusu bila moshi, asilimia 46.8, inakupa chumvi, pilipili manga, asali na ndimu iliyopitishwa kwenye moto kidogo. Ina mafuta mafuta mdomoni, nzito, wala husemi hiki ni kitoto.

Nc'nean, jina linatamkwa kama nuk-nii-an hivi, limetoka kwa malkia wa mizimu wa hadithi za Kigaeli. Aliyeanzisha ni Annabel Thomas, mwanamke aliyeacha kazi ya ushauri wa biashara London akaenda kupika wiski kwenye shamba la wazazi wake Drimnin. Shayiri yote ni ya kilimo hai, ya Uskoti, na mwaka 2021 walithibitishwa kwamba uzalishaji wao hauongezi hewa ya ukaa, kwa viwanda vya wiski Uingereza walikuwa wa kwanza, na chupa ni ya kioo kilichorejelezwa chote. Hakuna moshi kabisa. Ni pichi, ganda la chungwa, mdalasini kidogo, nyepesi.

Wepesi huo sio bahati mbaya. Mshauri wao alikuwa Dr Jim Swan, huyu mzee usipomjua huwezi kuelewa kwanini wiski changa za siku hizi zinanyweka. Yeye ndiye aliyeeneza mapipa ya divai yanayokwanguliwa ndani, yanabanikwa taratibu alafu yanachomwa upya, pipa likafanya kazi haraka, na upande wa pili akawafundisha kuchagua sehemu safi tu ya mvuke unaotoka kwenye mtungi, isibaki ile ya ukali inayohitaji miaka 12 kutulia. Alipita pia viwanda vya Kilchoman, Kingsbarns, Lindores na kwingine kibao mpaka Taiwan. Alifariki mwanzoni mwa 2017, mwaka uleule Nc'nean walipoanza kupika.

Kati ya hizi mbili sifichi, mimi ni mtu wa Ardnamurchan. Lakini kama unampelekea mtu ambaye hajazoea wiski kavu, au mama mkwe wa kisasa anayekunywa kidogo jioni, au rafiki mwenye kujali mazingira, Nc'nean haina mpinzani humu. Ile nyepesi yake ukiitia soda na kipande cha chungwa kwenye joto la Dar, aisee. Ardnamurchan ukiitia soda unaisikitisha.

Bei zake hazitaamua sana maana chupa zao za kawaida zote nne hapa Uingereza zinacheza kwenye pauni 45 hadi 60 kutegemea duka na msimu. Kwa hela hiyo unapata ya miaka 12 ya kiwanda kikubwa na chenji inabaki, huo ndio ukweli, uchanga unaulipia. Viwanda vikubwa vinapika mamilioni ya lita, hawa wanapika kidogo na wanalipa deni la jengo.

Ila kuna mtego, chupa ya kwanza. Kila kiwanda kipya kikitoa wiski ya kwanza kabisa watu wanapagawa, foleni, mnada, Nc'nean chupa yao namba moja mwaka 2020 iliuzwa mnadani pauni 41,004. Hela ilienda kwa wahitaji, sawa, lakini huo ndio muziki wenyewe. Usinunue hizo kama lengo ni kunywa. Ya kwanza ndio changa kuliko zote watakazowahi kutoa, unalipa zaidi kwa kilichokomaa kidogo, nunua ile ya kawaida iliyoko dukani leo, ina mapipa ya miaka mingi zaidi ndani yake. Kuna mkulima mmoja wa Fife, Francis Cuthbert wa Daftmill, alianza kupika 2005 kwenye msimu ambao shamba halina kazi, watu wakapiga magoti auze, akakaa kimya mpaka 2018 akatoa ya miaka 12. Wengi hawana ubavu huo, mkopo unagonga mlango, wengine ndio wanauza kwanza jini. Jini ya chupa, sio yale ya Tanga. Harris walifungua 2015 wakaishi kwa jini yao yenye mwani wa bahari mpaka wiski yao, The Hearach, ikatoka Septemba 2023, hawakukurupuka na inaonekana kwenye glasi.

Na mtu akikwambia usinunue chupa, nunua pipa zima uwekeze utatajirika, muulize pipa liko ghala gani, namba yake ngapi, na hati iko kwa jina la nani, alafu hesabu sekunde anazokaa kimya.

Viwanda vya zamani vilivyofufuliwa nimeviacha nje kwa makusudi. Brora ilifungwa 1983 ikarudi 2021, Port Ellen ya kisiwa cha Islay ilifungwa mwaka huohuo 1983 ikarudi Machi 2024, Rosebank nayo imerudi. Majengo mazuri mno, lakini Port Ellen mpya kwa sheria haiwezi kuwa wiski kabla ya 2027, na ile ya zamani iliyobaki bei yake ni kiwanja. Kilchoman ningeiweka humu kwa mapenzi, ilianza 2005 ikiwa ya kwanza mpya Islay baada ya miaka 124, wanalima shayiri yao na sehemu ya kimea wanakianika sakafuni wenyewe, lakini siku hizi ni mkubwa, unaikuta mpaka kwenye maduka ya viwanja vya ndege.

Mambo mawili ya kumwambia unayempelekea. Zote nne hazijatiwa rangi na hazijachujwa kwa baridi, kwahiyo akitia barafu inaweza kuingia ukungu, asije akadhani imechakachuliwa njiani. Na nyingine ni ya kwako unayekuja kuzitembelea na gari: Uskoti tangu Desemba 2014 kikomo ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu wakati England ni 80, yaani glasi mbili ndogo za kuonja zinatosha kukuharibia siku. Ukisema wewe ndio dereva viwanda vingi wanakuwekea sehemu yako kwenye vichupa unaenda kunywa ulikolala.

Kwahiyo mwaka huu: shemeji wa Arusha ambaye anakunywa moshi kama treni, nimemwambia asubiri Torabhaig kwa mtu mwingine anayesafiri Januari, maana chupa yangu moja ina mwenyewe. Ardnamurchan tayari wametoa ya miaka 10 na imeandikwa kabisa mbele. Nimeshaifunga kwenye sweta mbili katikati ya begi la kukabidhi. Namba ipo, imepungua mbili tu kwa ile aliyoizoea mjomba, nimeanza kuandaa majibu.